Posa ya Kundi O

Siku hizi sheria inasema mke akifa, viungo vyake ni vya mumewe, ampe amtakaye, ila asiviuze. Basi sisi washenga tukipeleka posa tunauliza damu kwanza, tabia baadaye.

Nimeozesha wasichana tisa. Watano wameshazikwa: huyu kateleza bafuni, yule kanywa dawa ya panya. Matangani nililia kuwashinda mama zao.

Jana mchana alikuja Shebe, anayenituma kupeleka posa. "Mteja anataka moyo, kundi O. Safari hii, Bi Mishi, utaolewa wewe."

"Moyo wa mzee wa nini?" nikasema upesi. "Yuko Zuwena, yatima wa kaka yangu. Naye ni O."

Zuwena akaingia na sinia la chai. Nikamwambia kuna posa yake. Miaka thelathini na miwili hajaposwa hata mara moja! Akajifunika uso kwa mtandio.

"Mbona hasemi?" Shebe akauliza.

"Mwari haropoki," nikamjibu. "Kunyamaza ndiko kukubali."

Zuwena akapiga magoti, akanibusu mkono. Nami nikamshika wake, nikausikiliza mshipa. Moyo ulikuwa ukipiga vizuri sana.