Dodoso la Kifua cha Doto

Mama Doto aliposikia gari la watafiti linakata kona kuja kwake, hakutoka nje. Aliingia chumbani, akamtandikia mwanawe shuka safi, akamvalisha soksi, akamnong'oneza, "Wageni wamefika. Jitahidi usikohoe, wafanye kazi yao."

Doto aliitikia kwa kichwa. Mwanamume wa miaka thelathini na moja, aliyekuwa akipanda kutoka shimoni na gunia la mawe mgongoni, leo soksi anavalishwa na mama yake. Labda ni vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, lililomkaa kifuani, labda ni TB, labda yote mawili. Zahanati ilinyoosha mikono, ikaandika karatasi ya rufaa kwenda Shinyanga.

Karatasi hiyo ilikuwa na wiki tatu chini ya godoro. Kwenye pikipiki Doto hakuweza kukaa. Walijaribu, akadondoka hata barabara ya Bulyanhulu hawajaiona. Gari la wagonjwa lilikuwa gereji tangu kiangazi. Na leo, Mungu si Athumani, gari limejileta lenyewe mpaka mlangoni, tena lina kiti kirefu cha nyuma, mtu analala akajinyoosha.

Aliyewaelekeza ni mwenyekiti wa kitongoji, kwa kidole tu, hata kwenye baiskeli hakushuka: "Kwa Mama Doto? Pale penye bati." Kitongoji kilikuwa na akina Mama Doto watatu, maana Usukumani pacha wa pili ni Doto, upende usipende. Lakini mwenyekiti alikuwa na haraka zake.

Watafiti Mama Doto aliwazoea. Mwaka huu peke yake walikuja wa zebaki, wakamkata nywele wakazitia kwenye bahasha. Wakaja wa historia, wanataka kujua babu yake alihamia pale na ng'ombe wangapi. Wakaja wa sera ya afya, wakamuuliza kama ameridhika na huduma. Ameridhika na nini, jamani? Kila mara alianza na shida ya mwanawe, na kila mara alijibiwa vilevile: maswali yako mwishoni, mama, usituvurugie utaratibu. Mwishoni ukifika, wana haraka, wanakwenda kijiji kingine. Basi safari hii akaapa kutomkatiza mtu kauli. Atajibu upesi, kwa adabu, mwisho ufike mapema, naye aombe lake.

Kijana aliyeongoza alijitambulisha kuwa anaitwa Boaz. Alivua kofia, akaamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwepo.

"Pole sana, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, na uso wake ulionyesha huzuni ya kweli.

"Ahsante, mwanangu. Ni mitihani."

Mama Doto nusura alie. Wale wa zebaki hata pole hawakumpa.

"Najua kuyazungumza haya ni kazi," Boaz aliendelea. "Ukichoka, tunapumzika." Akamsogezea pakiti ya karatasi laini za kufutia machozi. Mwenzake, binti aitwaye Rebeka, akawasha kishikwambi tayari kuandika.

"Kikohozi cha Doto kilianza lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Na damu?"

"Mwezi wa sita."

"Jasho la usiku?"

"La kukamua shuka."

"Kukonda je?"

"Mkanda nimeutoboa matundu manne mapya, kwa mkono wangu."

"Na mlipopewa rufaa, kikwazo kilikuwa nini?"

"Usafiri."

Rebeka aliliandika neno hilo, akatikisa kichwa taratibu. Mama Doto akampenda palepale. Tangu mwanawe aanze kuumwa, hakuna daktari aliyewahi kumuuliza hata robo ya haya. Hawa waliuliza alilala upande gani, alikula nini, kucha zake zilikuwa na rangi gani. Watu wa kuuliza mpaka kucha hawawezi kuwa wamekuja bure. Huku mdomo unajibu, moyo wake ulishaanza kufunga mizigo: shuka mbili, chupa ya uji, kadi ya zahanati. Yeye atakaa nyuma, kichwa cha Doto mapajani. Jioni watakuwa Shinyanga, na usiku atalala kwa kaka yake, mtaa wa Kambarage. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ziishe, alijisikia ana nguvu.

Ndani kitanda kililia kidogo. Doto alikuwa anajizuia, maskini. Mama yake akajibu kwa sauti kubwa zaidi, wageni wasikatishwe.

Jua lilikuwa limeshatoka kibarazani Boaz alipopumua. "Limebaki moja tu, mayu. Halafu na wewe utauliza lako."

"Langu ni dogo, mwanangu. Uliza."

Boaz alishusha sauti. "Mlimzika siku gani?"

Chumbani Doto akashindwa. Alikohoa kikohozi kirefu, cha kukata pumzi, kikatulia, kikaanza upya. Mama yake hakuinuka. Rebeka aliitazama orodha ya majina, akamtazama mwenzake, akazima kishikwambi.

"Langu lilikuwa hilo gari," Mama Doto alisema.

Boaz alikuwa ameshasimama, anaitafuta kofia yake. "Tusamehe sana, mama. Utafiti wetu ni wa waliokwisha kufa," alisema, akirudi kinyumenyume kuelekea kwenye gari. "Tutarudi."