Kompyuta ya Pampu

Mji mzima haukuwa na maji, kwa kuwa kompyuta iliyoendesha pampu ilikuwa imegoma kuwaka. Tunu, fundi aliyeitwa kutoka mji jirani, alichomeka flashi yake ya dharura, iwezayo kuamsha kompyuta iliyogoma, na maandishi meupe yakajipanga kwenye skrini nyeusi.

"Ni hujuma ya Shekuwe, yule mwendeshaji wetu," alisema meneja, Bwana Kisauti, akiwa amesimama nyuma yake. "Nilimfukuza jana jioni. Wewe futa kila kitu, uanze upya."

"Kwanza nitazame kilichobaki, bwana."

"Cha nini? Watu wana kiu!"

Tunu aliendelea kuandika amri zake, moja moja. Haraka ile ilimtia shaka; mwenye mali iliyoharibika huomba iokolewe, haombi ifutwe. Kisha akaona: mafaili ya kuwashia mtambo yalikuwa yamefutwa leo asubuhi, na mtu aliyeketi papa hapa, Shekuwe akiwa ameshaondoka.

"Ufunguo wa chumba hiki anao nani?" akauliza, bila kugeuka.

"Mimi tu. Kwa nini?"

Tunu alirudisha mafaili yale, akauwasha mtambo. Sakafu ikatetemeka, pampu zikanguruma, na huko nje vigelegele vikapaa.

Bwana Kisauti hakutabasamu. Alisogea hadi mlangoni, akasimama hapo, akauliza kwa upole, "Umeona nini, binti yangu?"

Tunu aligeuka, akamtazama. Ndani ya ukuta kando yao, maji yalisikika yakikimbilia mjini.