Bi Hidaya Aonekana Mkadini

Sheria ilikataza filamu ya vita kukatwa hata sekunde moja. Mapigano ya kisiwa cha Mkadini yalichukua siku ishirini na sita, kwa hiyo filamu yake nayo ilionyeshwa siku ishirini na sita, kwenye runinga ya kila nyumba.

Miaka yote Bi Hidaya aliwaambia wanawe kwamba alipigana kule. Hawakumwamini, maana orodha ya mashujaa ilikuwa ya wanaume watupu. Siku ya kumi na moja akatokea kwenye runinga, msichana wa miaka ishirini, akitambaa katikati ya risasi, kisha akafika kileleni mbele ya wote na kusimika bendera.

“Mama huyo!” alipiga kelele Kombo, mwanawe mkubwa. Majirani wakajaa sebuleni kwa vigelegele. Kombo akapiga magoti. “Nisamehe, Mama. Nilikuwa nakucheka.”

Bi Hidaya alicheka huku machozi yakimtoka.

Mara, kwenye filamu, mateka wa adui wakaanza kutoka pangoni, mikono kichwani. Yule msichana akaokota bunduki.

“Zima, mwanangu.”

“Nizime? Leo ndiyo wanakuona, Mama!”

Bi Hidaya akamshika uso, akamgeuza. “Basi nitazame mimi. Nitakueleza mwenyewe nilichowafanyia.”