Bakuli la Mama Mkwe

Harufu ya vitunguu ilimpiga dereva wa kreni puani alipofunua bakuli, huko juu kwenye kibanda chake cha vioo, vidato mia mbili vya ngazi kutoka ardhini.

Maharage! Yamenona, yanang'aa kama watoto waliotoka kupakwa mafuta.

Mwezi mzima alikuwa amekula wali mkavu na karoti za kuchemsha, kama alivyoagizwa na daktari, na tumbo lake korofi lilikuwa limetulia tuli kama maji ya mtungini. Lakini asubuhi hiyo mama mkwe, mgeni wa siku tatu, alimpora mkewe mwiko.

"Wewe si sungura, mwanangu, hata ulishwe karoti. Na hilo bakuli ni la harusi yangu. Lirudi lilivyo."

Kijiko kimoja tu, akajiambia, asije akamwongopea mkwewe akiulizwa kama amekula. Cha pili kilikuwa cha adabu. Baada ya hapo hakuhesabu tena. Alimalizia kwa kulifuta bakuli kwa kidole.

Ndipo sauti ya msimamizi ikakwaruza redioni kutoka chini.

"Mzee wa Juu, malori ya zege yamefika. Tunamwaga mfululizo mpaka jioni, hakuna kushuka. Umenisikia?"

Tumbo lilijibu kabla yake, kwa sauti ndefu, kama mlango wenye bawaba kavu.

"Rudia, Mzee! Hujasikika vizuri."

Jasho likamtoka. Akaitazama ngazi, kidato kwa kidato. Kisha, polepole, kwa heshima zote, akalitazama bakuli la harusi.