Vidoto Sita kwa Inchi

"Mama, hapa hakuna uso," fundi wa picha alisema, pua yake karibu iguse kioo cha kompyuta. "Hapa kuna vigae vya rangi tu."

Jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane aliyevuka na kandambili zake za ndani, hakutishika. Picha aliipiga mwenyewe, kwa simu ya zamani, na aliitaka kwa ukubwa wa mtu mzima.

Fundi akajifuta wino kwenye aproni, palepale anapojifutia kila siku, akaanza somo. Picha ya kupendeza inataka vidoto mia tatu kwa kila inchi. Hii ikitandazwa hivyo itapata sita. Sita, mama.

"Na mtu akiitazama kutoka barabarani?"

"Kwa mbali vidoto vinaungana. Lakini nani anachapisha picha ili itazamwe na barabara?"

"Mimi. Naiweka dirishani." Sauti ikamshuka. "Kuna mtu anajaribu kitasa changu. Mara mbili sasa. Siku za kazi sina wasiwasi. Ni Jumapili, maduka yakifungwa, ndipo nakaa roho mkononi. Akiona kuna mwanamume ndani, atatafuta kwingine."

Fundi aliona haya kwa mzaha wake. Duka alilifungua mwaka huu tu, na marehemu mzee wa nyumba ile hakuwahi kumwona.

"Pole sana, mama. Naona alikuwa mtu wa kutegemewa."

"Nikimwona tu amesimama, natulia."

"Basi hiki kigae cheusi tumboni nikifute. Kinamharibu."

"Kiache, mwanangu. Bila hicho si yeye."

Fundi hakubisha tena. Aliichapa picha kwa heshima zote, akaiviringisha, akamvusha mama barabara yeye mwenyewe.

Jumapili alirudi dukani kuchukua miwani aliyoisahau. Alipokuwa akifunga mlango alitupa jicho ng'ambo. Nyuma ya pazia jepesi alisimama mwanamume, mikono kifuani, amelikazia macho lango. Vidoto vilikuwa vimeungana vizuri kuliko alivyotarajia.

Fundi akainua mkono kumsalimia marehemu. Mkono ukabaki hewani. Mwanamume wa dirishani alikuwa amevaa aproni, na tumboni alikuwa na doa la wino, palepale anapojifutia kila siku.