Kikohozi Nyuma ya Pazia

Kikohozi kikavu kilipenya pazia. Chediel akaongeza tabasamu mbele ya kompyuta, akaendelea kumfundisha mtoto wa huko Vietnam majina ya wanyama kwa Kiingereza. Kampuni ya masomo ya mtandaoni iliyomwajiri ilishamwonya: kelele zikisikika tena, kazi basi. Na nyumba nzima pale kijijini Ihanja ilikula kwa kazi hiyo.

Ghafla kikohozi kikakatika. Akashusha pumzi, kisha akashtuka. Kikohozi cha mama hakikatiki hivyo.

Akafunua pazia.

Mama yake alikuwa ameshindilia pindo la kanga mdomoni, macho yamemtoka. Akampungia mkono arudi kazini.

“Ticha?” mtoto aliita.

Chediel akalivuta lile pindo taratibu. Lilikuwa limelowa.

“Kohoa, mama. Wakinifukuza nitalima alizeti. Humu ndani hutajiziba mdomo tena kwa ajili yangu.”