Mikono Iliyotoka Lima

Hebu niambie, wewe ungesema nini mama yako akikushika viganja kutafuta malengelenge ambayo hayapo?

Flaviana alikuwa ndiyo kwanza anaingia nyumbani kwake Bowie, huko Marekani, sanduku bado liko mlangoni. Mama, aliyeletwa kutoka Moshi kumlelea mtoto, alishamwekea beseni la maji ya moto yenye chumvi.

"Pole na jembe, mwanangu."

Wiki iliyopita Flaviana alimwambia anakwenda Lima. Mama akasikia kulima. "Na ofisi yote hiyo, bado unakwenda kulima?" Flaviana akacheka tu. Aliona ni rahisi kuliko kueleza kuwa Lima ni mji wa Peru, kando ya bahari, na yeye anakwenda kutembea na kula samaki wa ndimu.

Sasa mama aligeuza viganja vile laini, akatazama kucha zilizopakwa rangi nyekundu.

"Mbona hakuna hata sugu?"

"Nisamehe, mama. Lima ni mji. Nilikwenda kustarehe, nikazunguka masokoni."

Mama hakumwachia. Aliitumbukiza mikono ile kwenye beseni, akaisugua kidole kwa kidole kama ya mkulima kweli. Flaviana alishindwa kuinua uso.

"Wanauza nini huko?"

"Viazi vya kila rangi, mama. Na mahindi meusi."

"Mahindi meusi! Wewe!" Mama alicheka, kisha akayatazama maji ya beseni.

"Tangu nije naona dirisha hili na magari yanayopita. Nilitaka unipeleke sokoni, Flaviana. Hata la hapa hapa."